Mama Aliaye Usiku: Matabibu wa Kichina Wasemaje?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani, akatuomba tumwandikie mama yake kombe. "Maalim," akasema, "mama kapandwa na pepo. Tangu alipotoka edani halali. Hulia pasipo sababu, mara moto humpanda akatupa shuka, mara hulia baridi. Shangazi ashaanza kumtafutia mganga wa ngoma."

Tukamwuliza, "Mama yako ana umri gani, mwanangu?"

Akahesabu kwa vidole, akasema, "Yapata miaka 49."

Kombe hatukuliandika siku ile. Tulimwambia arudi kwa dada yake mkubwa, amwombe amwulize mama yale ambayo mtoto wa kiume huona haya kuyauliza. Na hesabu ile ya 49 ilitukumbusha jambo tulilopata kulisoma katika habari za tiba ya Wachina, nasi twaona vyema kuwasimulia wasomaji wetu, maana nyumba yenye msiba kama huo si moja.

Huenda mtu akauliza, Muislamu ana nini na tiba ya Wachina? Ajue ya kwamba Waziri Rashid al-Din, aliyekuwa tabibu na mwanachuoni mkubwa huko Tabriz, alisimamia mwaka 1313 kufasiriwa kwa Kifursi vitabu vya tiba ya Kichina, khasa elimu ya kupima mshipa wa mkono. Na huko Uchina nako kuliandikwa kwa Kichina kitabu kikubwa cha tiba ya Waislamu, chenye juzuu 36. Zilizosalia ni 4 tu, nazo zimehifadhiwa Beijing. Waliotutangulia, basi, hawakuona aibu kutazama yaliyomo katika mikoba ya wenzao.

Kitabu ambacho Wachina hukirejea zaidi katika tiba huitwa Huangdi Neijing, nacho kina umri wa miaka kama elfu mbili. Humo umri wa mwanamke umehesabiwa kwa saba saba. Akiwa na miaka 7 hubadili meno. Akiwa na 14 huanza hedhi. 28 ndiyo kilele cha nguvu zake. 35 uso huanza kunyauka. 42 mvi huanza kuonekana. Na saba mara saba, ndiyo 49, hedhi hukoma na uzazi ukaisha. Wao husema kwamba nguvu ya asili iliyowekwa katika mafigo ndiyo iliyopungua. Tazama jinsi walivyokaribia! Madaktari wa leo husema kuwa wanawake wengi hufikia hapo baina ya miaka 45 na 55, na ya kuwa sababu yake ni kupungua kwa homoni zitokazo katika vifuko vya mayai. Sababu wamekhitilafiana, lakini umri ni ule ule.

Ama huzuni, Wachina wameipa kiungo chake na majira yake. Kila kiungo kikuu kwao kina hisia yake: ini lina hasira, mafigo yana khofu, na mapafu yana huzuni. Na majira ya mapafu ni yale ambayo Waarabu huyaita kharifu, yaliyo baina ya joto na baridi kali, ambayo kwa hesabu ya Wachina huanza mwanzo wa Agosti. Wakati huo hewa ya kaskazini ya Uchina hukauka, majani hugeuka manjano yakapukutika, na watu hukohoa. Tabibu huwaambia walale mapema na waamke na jogoo, wautulize moyo, wasiitawanye nafsi. Nao hula matunda ya peasi yaliyopikwa kwa asali ili kulainisha kifua. Husema pia kwamba majonzi huitawanya pumzi ya uhai. Nani aliyefiwa asiyelijua hilo? Mwenye msiba huvuta pumzi kwa kuugua, na kifua chake ndicho kinachobana.

Mwanamke anayefiwa karibu na miaka 49 basi ameingia kharifu mbili kwa pamoja, ya mwili na ya moyo. Hivyo ndivyo sisi tulivyofahamu maneno yao.

Lililotustaajabisha zaidi ni hili. Tabibu wao mashuhuri Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzo wa karne ya 3, alieleza ugonjwa wa wanawake ambao mwenye nao hujaa huzuni na kutaka kulia, akawa kama mtu aliyeingiliwa na mizimu, akipiga miayo tena na tena. Je, aliagiza ngoma ipigwe? Hakuagiza. Aliagiza vitu vitatu vichemshwe: ngano, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irqi-susi, na tunda la mti ulio ndugu wa mkunazi wetu, huu ambao kwa majani yake twawaosha maiti. Na imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (S.A.W.) aliusifu uji wa talbina, ambao ni wa shayiri, kuwa humpumzisha mgonjwa moyo na kumwondolea mfiwa baadhi ya huzuni yake, na Bibi Aisha akiamrisha upikwe palipo msiba. Watu wawili mbali mbali, nafaka na utamu katika chungu kimoja, na mwenye kulia amepewa kitu cha moto mkononi badala ya kukemewa.

Hatusemi kila la Wachina ni la kushikwa. Kugawanya mwili kwa maji, moto, miti, udongo na madini ni njia yao ya kufikiri, wala haikuthibitishwa na wapimao damu. Wala kharifu yao si ya kwetu: pwani yetu miezi hiyo huishia katika mvua za vuli, si katika ukavu, na mtu asije akanunua peasi kwa bei ya dhahabu akadhani ndiyo sunna. Irqi-susi nayo ikinywewa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu, basi asiinywe mwenye maradhi hayo. Matabibu wa Kichina wako Unguja tangu mwaka 1964. Anayetaka dawa zao na awaulize wao, asimwulize mchuuzi wa sokoni.

Lakini twaona haya ya nini? Qurani Tukufu yenyewe, katika Sura ya Talaka, imewataja wanawake waliokoma hedhi na kuwapa eda yao ya miezi mitatu. Na katika Sura ya Nuru imewafanyia wepesi wa mavazi wale waliokwisha kuwa wazee. Nabii Yaakub alilia hata macho yakawa meupe kwa majonzi, wala hakuambiwa ana pepo. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi juu ya mwanawe Ibrahim. Ajabu ni kwamba aliaye mbele ya watu siku ya tatu twamwonea huruma, na aliaye peke yake mwezi wa sita twamtafutia mganga.

Na hapa yatupasa kukiri kosa letu. Miaka mingi nyuma tuliletewa habari ya mama mwingine, mnyonge, asiyelala. Tuliandika kombe, tukapokea shukurani, wala hatukuuliza neno. Kumbe hedhi yake ilikuwa imekoma miaka kadha, kisha damu ikarudi, naye akaificha kwa kuona haya. Alipofikishwa hospitali, maradhi ya tumbo la uzazi yalikuwa yameenea. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu siku ile twasema wazi darasani, hata wakubwa wakikunja nyuso: damu irudiyo baada ya hedhi kukoma mwaka mzima ni ya kupelekwa kwa daktari wiki ile ile, na kombe, kama mtu anataka dua, halimzuii mtu kwenda.

Kijana wetu alirudi baada ya siku kumi. Dada yake alikwisha uliza: hedhi ya mama imekuwa ikija na kupotea kwa mwaka huu, wala hakuna damu ya kutisha. Daktari mwanamke amempima, amemweleza lile joto la usiku ni nini, akamshauri atembee asubuhi na apunguze kahawa. Binti amehamishia kitanda chake chumbani mwa mama. Shangazi ndiye apikaye uji wa shayiri, naye hadi leo anasema pepo hawa wapenda asali. "Usiku mwingine bado analia, Maalim," kijana akatuambia. "Lakini sasa analia nasi tumekaa naye."