Okidi si waridi, bwana!

Leo naungama: nimeua ua la mchumba wangu.

Mimi ni mtu wa mawaridi. Miaka minne nayapanda uani kwetu Kinondoni, na siri yangu ni samadi, jua na maji ya kutosha. Basi mchumba alipokwenda masomoni akaniachia okidi yake, nikaona hapo hamna kazi. Nikaitoa kwenye vipande vyake vya magome, nikaishindilia udongo mweusi na samadi, nikawa naimwagilia kila jioni. Wiki ya tatu majani yakalegea, mizizi ikaoza, inanuka. Kwisha habari!

Kumbe okidi nyingi hazikai ardhini. Zinajishikiza kwenye miti, mizizi iko hewani. Hata huku pwani ipo moja, Ansellia africana, maua yake ya njano yana madoa kama chui. Lakini hiyo usiende kuing'oa porini, nunua bustanini.

Sasa nimenunua nyingine kwa pesa yangu. Iko kwenye chungu chenye matundu, ndani mkaa na magome, kibarazani penye mwanga ila jua la mchana haliifikii. Mizizi ikiwa ya kijani, siigusi. Ikigeuka rangi ya fedha, ndipo naimwagilia, na maji yote yachuruzike. Kazi ngumu ni kuzuia mkono!

Tayari imetoa mizizi mipya miwili. Mchumba anarudi Desemba. Nitamwambia ukweli, maana hata nikinyamaza, ua lake atalijua tu.