Wati 75 na Uniti 75: Kompyuta ya Gemu kwa Mkazi wa Ifakara

Anayetaka kompyuta ya gemu kwa bei nafuu huanza kuuliza kadi ya michoro. "Fundi, niweke kadi gani ili GTA isigande?" Ni swali halali, ila limewahi. Kabla ya kadi kuna umeme: pawasaplai iliyomo ndani ya boksi inatoa wati ngapi, na nyumba itakapokaa kompyuta inakula uniti ngapi kwa mwezi. Kwa mtu wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba, majibu ya maswali hayo mawili yanaifupisha sana orodha ya kadi.

Vipuri vipya tuwaachie wenye nafasi. Njia ya akili ni kununua boksi la ofisi lililotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Haya huingia Kariakoo kwa makontena baada ya ofisi za nje kubadilisha vifaa. Yametengenezwa yawashwe asubuhi na kuzimwa jioni miaka nenda rudi, na mengi yamefanya kazi ya mahesabu na barua tu. Chagua lililosimama kama mnara, usichukue lile bapa. Bapa linakubali kadi fupi pekee, na baadhi yake huipa kadi umeme mdogo kuliko ule wa kawaida.

Sasa pawasaplai. Mnara wa OptiPlex 9020 una wati 290, na ule wa EliteDesk 800 G1 una 320. Muuzaji atakucheka, akuonyeshe pawasaplai mpya ya bei rahisi iliyoandikwa 600 kwa tarakimu kubwa. Wewe soma stika iliyo ubavuni. Tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Ukikuta ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni 192. Hizo ndizo wati zako, zilizobaki ni za aliyechapisha stika. Kisha igeuze nyuma. Nyingi za bei hiyo zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Mtoto akiisukuma ikae 115, halafu ukaichomeka kwenye soketi zetu za volti 230, utasikia mlio na harufu, na huenda madabodi nayo ikaondoka.

Pawasaplai za maboksi ya ofisi niliyoyataja hazina swichi hiyo. Hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Kwenye bonde hili jambo hilo si dogo. Tuna mitambo ya Kidatu yenye megawati 204 na ya Kihansi yenye 180, lakini ujirani huo haukuhakikishii volti 230 chumbani jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko. Umeme ukishuka hadi 180, feni ya dari inazunguka kwa uvivu, ila pawasaplai ya aina hii inaendelea na kazi.

Ina kasoro moja. Plagi yake ya madabodi si ile ya kawaida ya pini 24. Dell 9020 inatumia pini 8 na HP ya rika lake pini 6, kwa hiyo ikiungua huwezi kuchomeka yoyote utakayoikuta dukani. Kuna nyaya za kuunganishia, na afadhali ununue mmoja siku ileile ya boksi kuliko kuutafuta Ifakara usiku wa Ijumaa.

Tukiwa na wati 290 za kweli, kadi inayofaa ni ile inayopata umeme wake wote kutoka kwenye tundu la madabodi bila waya wa ziada. Tundu hilo kwa kawaida hutoa wati 75, basi. Kwenye kikomo hicho chaguo langu la kwanza ni GTX 1650 ya mwaka 2019, na ikikosekana, GTX 1050 Ti ya 2016. Zote zina gigabaiti 4 za kumbukumbu. EA Sports FC 24 inataja 1050 Ti kama kiwango cha chini, na GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, inacheza vizuri kabisa. Angalia tu kwamba 1650 unayopewa haina tundu la waya juu yake, kwa sababu yapo matoleo yanayoudai.

Kadi mbili zinawaponza watu. GT 1030 ipo ya kumbukumbu za GDDR5 na ipo ya DDR4. Jina ni moja, lakini ya pili ina karibu nusu ya nguvu ya mwenzake. Nyingine ni RX 6400 ya 2022. Ni kadi nzuri inayotumia wati 53, ila inapita njia 4 tu za mawasiliano na madabodi, hivyo kwenye boksi la zamani inapoteza kasi uliyoilipia.

Uniti nazo zina 75 yao. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, daraja D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Boksi letu pamoja na monita linakula wati zipatazo 200 gemu likikolea. Saa 3 kila siku kwa siku 30 ni uniti 18. Weka badala yake RX 580, kadi ya wati 185 inayosifiwa kila kijiwe, na mwezi unaongezeka uniti 10. Nyumba inayotumia uniti 50 kwa taa, friji na televisheni itafika 68 kwa kadi ya kwanza na 78 kwa ya pili. Kuvuka mara moja si msiba. Kuvuka kila mwezi ndiko kunakokuhamishia daraja T1, ambako tangu uniti ya kwanza bei ni shilingi 292. Ukiwa unakaa kwa wazazi, hesabu hii itafanywa na mama, tena bila kikokotoo.

Prosesa isomeke kwa namba yake. Kwenye i5-4590, i5-6500 na i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Kizazi cha 4 bado kinacheza mengi, lakini Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazitambua rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Hapo mimi ningepunguza fedha kwenye kadi nizipeleke kwenye boksi: i5-8500 ina viini 6, wakati i5 za vizazi vya 4 hadi 7 zina 4. Kadi utaibadilisha mwakani kwa bisibisi, ilhali kubadilisha kizazi ni kununua boksi jingine.

Kumbukumbu, yaani RAM, nunua vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, vifanye kazi sambamba. Kwa asiyeweka kadi kabisa, akitegemea prosesa yenye michoro ndani kama Ryzen 5 5600G, hili halina mjadala. Kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2, na michoro inakula humo humo.

Diski iwe SSD, hata ya gigabaiti 500. FC 24 peke yake inadai gigabaiti 100, na kuzishusha kwa bando ni kujitafutia ugomvi na pochi. Steam tangu 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja kupeana gemu bila kulishusha upya kwa intaneti, mradi kila akaunti iwe na haki ya gemu hilo. Anayesoma Dar au Morogoro akirudi likizo na kompyuta yake, mkaribisheni chai.

Kadi feki zipo. Chip ya zamani kama GTX 550 Ti huandikiwa programu ya ndani inayoitambulisha kuwa 1050 Ti, na Windows inaamini. Ishara ya kwanza ni tundu la buluu la VGA. Chip halisi ya 1050 Ti haitoi mawimbi hayo, hivyo ukiliona, ongeza mashaka. Kisha fungua GPU-Z, programu ya bure isiyohitaji hata kusakinishwa. Tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyoghushiwa. Muuzaji anayekataa usiifungue kabla ya kulipa ameshakujibu. Kumbuka pia kwamba Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni, RX 580 zikiwemo.

Ukishanunua, mwombe fundi aing'oe kadi kwenye tundu lake kabla ya safari. Mzigo unapita Mikumi, Kidatu na Mang'ula chini ya basi, na kadi inayoning'inia huweza kuvunja tundu. Ibebe mkononi. Nyumbani, kandika upya dawa ya joto juu ya prosesa, maana ya ofisini imeshakauka na Ifakara si mji wa baridi. Boksi lipandishe juu ya meza: vumbi na pumba za mpunga hutembea sakafuni, na wakati wa masika maji nayo hutembea. Radi ikianza, chomoa nyaya zote.

Kama fedha imebaki, nunua UPS kabla ya kipadi cha pili. Usome wati, usisome VA: ya VA 650 hubeba wati zipatazo 360, na itakupa dakika chache tu. Hizo ni za kuhifadhi na kuzima, si za kumalizia kipindi cha pili.