Pombe: 18 au 21? Hilo si swali la mtoto wa sekondari

1/ Tangu Julai 2025, sera mpya ya taifa ilipopendekeza umri wa pombe upande kutoka 18 hadi 21, kila mdahalo ni huo huo: wewe uko upande gani? Mimi niko huku Kabianga kwenye majani chai, na naona swali hilo linatupiga chenga.

2/ Chukua mtoto wa sekondari wa miaka 15 au 16. Sheria ya vileo ya 2010 tayari inamkataza. Weka 21, yeye yuko pale pale: haruhusiwi, na bado anauziwa. Sheria hiyo hiyo inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Ile ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Nenda soko lolote ujionee.

3/ Nani anatoa leseni za baa? Kwa Katiba ya 2010, ni kaunti. Na leseni ni mapato. Kwa hivyo anayekula ada ndiye tunayemtegemea afunge. Hapo ndipo siasa yenyewe iko.

4/ Chang'aa ya kijijini nayo haina leseni wala haiulizi kitambulisho. Mara nyingi anayeipika ni mama anayetafuta karo. Msako bila kazi mbadala unamhamisha tu hadi mtoni.

5/ Iceland, 1998: asilimia 42 ya vijana wa miaka 15–16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. 2016: asilimia 5. Na umri wa kununua ulikuwa 20 hata wakati ule wa 42! Waliwauliza wanafunzi wenyewe mara kwa mara, wakagharamia michezo na muziki baada ya masomo, wazazi wakashika zamu za kuzunguka mitaani usiku.

6/ Ni nchi tajiri, sawa. Lakini kufungua uwanja wa shule likizo ya Agosti kunahitaji utajiri gani? Sisi mtoto akipatikana amelewa tunamrudisha nyumbani, kule kule chang'aa iliko.

7/ MCA wako akija, muulize matatu. Baa gani karibu na shule imenyimwa leseni? Watoto wakifunga shule, wanaenda wapi? Aliyezama tayari anatibiwa wapi, na kwa pesa ya nani? Akikujibu "21", jua hajakujibu.