Siku za Kimya Ndani ya Ini

Mtu wa Mbagala au wa Mwananyamala aamkapo na homa, aghalabu humshutumu mbu aliyemsumbua usiku uliopita. Ilhali homa hiyo, ikiwa ni ya malaria kweli, ilianza safari yake yapata wiki moja au mbili nyuma, na sehemu kubwa ya muda huo vimelea vilikuwa vimejisitiri ndani ya ini, pasipo mwenyewe kuhisi hata kichwa kumgonga.

Mbu jike wa aina ya Anofelesi, atoboapo ngozi, hutema mate kwanza ili damu isigande, na pamoja na mate hayo huacha vimelea makumi au mamia tu, vyembamba na vilivyopinda kama mwezi mwandamo, viitwavyo sporozoiti. Havina miguu wala mkia, lakini huteleza katika ngozi hata vipate mshipa mdogo, na vikishaingia humo mkondo wa damu huvifikisha kwenye ini kwa dakika chache. Hutambua kuwa vimewasili kwa sababu ganda lao limejaa protini inayonasa kwenye sukari zenye salfa nyingi zilizotanda juu ya seli za ini, salfa ambayo kwingineko mwilini haizidi kiasi hicho.

Kisha hufuata jambo linalonistaajabisha kila nilifikiripo. Kimelea kikishapenya ukuta wa mshipa, pengine kwa kupita ndani ya zile seli zilizowekwa hapo kumeza wageni, hakitui katika seli ya kwanza ya ini kiikutayo: huitoboa na kuipita, huingia ya pili, pengine na ya tatu, ndipo kibadili mwenendo, kijishikize kwenye seli moja yenye protini iitwayo CD81, na kuiingia bila kuipasua, kikiuvuta utando wa seli yenyewe uwe kifuko cha kukihifadhi. Humo kimelea kimoja cha falsiparamu, aina iliyotamalaki pwani yetu, huzaa makumi ya maelfu ya wana kwa muda wa takriban siku saba. Nao wakishatoka na kuzivamia chembe nyekundu za damu, homa huja.

Mwanasayansi Robert Koch aliichunguza malaria hapa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, naye aliitafuta damuni. Ni mwaka 1948 tu ndipo watafiti Shortt na Garnham, huyu wa pili akiwa ametumikia utabibu Kenya kwa miaka mingi, walipovidhihirisha vimelea ndani ya ini la kima, kisha la binadamu.

Maarifa hayo ndiyo msingi wa chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ya R21 iliyofuata mwaka 2023: zote mbili hubeba kipande cha protini ile ya ganda, ili kingamwili ziiwahi sporozoiti kabla haijaingia seli, maadamu adui angali mchache.

Kwa jirani yangu wa Temeke aliyelala matangani Rufiji na kurejea jana, kipimo cha haraka cha leo hakiwezi kuona kilichomo inini, kwani hupima damu. Wala dawa ya mseto haikiui huko. Homa ikimshika wiki ijayo, na arudi zahanati siku iyo hiyo akapimwe upya, amweleze mganga alikolala.