Swali la Kuulizwa Mapokezini

Kipimo cha siki cha kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi hakichukui muda. Muuguzi huingiza spekulamu, hupaka siki hafifu ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kama pametokea madoa meupe. Majibu hutoka papo hapo. Lakini muda huo wote mwanamke amelala chali, amevua nguo za ndani, mbele ya mtu asiyemjua. Akikuta mpimaji ni mwanamume, yuko atakayejikaza, na yuko atakayeaga kwa adabu aende zake. Huyu wa pili haandikwi popote. Kwenye rejista ni kama hakuja.

Sisi watoa huduma tumezoea kusema, "Daktari ni daktari tu." Kauli hiyo hutufariji wenyewe. Mgonjwa ana sababu zake: dini, heshima ya ndoa, pengine ukatili aliowahi kufanyiwa na asiotaka kuusimulia. Wapo pia wanawake wanaotaka daktari wa kiume, kwa kuwa waliwahi kufokewa na mwanamke mwenzao katika chumba cha kujifungulia. Na wanaume je? Kijana anawekwa mpira wa mkojo na muuguzi wa rika la dada yake, mzee anapimwa tezi dume kwa kidole, na ni nadra kuulizwa wangependa wahudumiwe na nani. Kwa hiyo tusikisie. Tuulize, tena mapokezini, mtu akiwa bado amevaa nguo zake.

Zahanati yenye wahudumu wawili haiwezi kumtimizia kila mtu. Basi aambiwe ukweli na apewe la kuchagua: aje siku ya zamu ya muuguzi wa kike, au apimwe leo akiwa na msindikizaji anayemtaka, amefunikwa shuka, akijua kwamba akisema "acha" mkono utasimama. Akitaka kuingiza spekulamu mwenyewe, aelekezwe. Dharura ni jambo jingine: mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri zamu ibadilike.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kiwe cha kwanza katika uchunguzi wa saratani hiyo, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, mlango umefungwa. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote, ila haimalizi kazi. Atakayekutwa na virusi atahitaji kuangaliwa mlango wa kizazi, na hapo atarudi kwenye kitanda kilekile. Ndiyo maana jibu alilotoa mapokezini liandikwe kwenye kadi yake, na tarehe ya kurudi ipangwe kwa kufuata zamu ya mhudumu aliyemtaja.