Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mtu akifika nyumbani kwako na daftari, akauliza mahari ya mkeo ilikuwa ng'ombe wangapi na mtoto wako akilia hunyamazishwaje, huenda ukamdhania karani wa kodi. Lakini iko elimu yenye kuuliza hayo. Huitwa anthropolojia, yaani elimu ya wanadamu na desturi zao, nayo katika nchi ya Kisii na Nyamira ina historia ndefu.

Mwaka 1949 Bwana Philip Mayer alitoa maandishi juu ya koo za Wagusii, na mwaka 1950 juu ya sheria na desturi za mahari. Kisha, kati ya 1955 na 1957, Bwana Robert LeVine na mkewe Barbara, Wamarekani, walichunguza malezi katika mtaa ambao kitabu chao cha 1966 kiliuita Nyansongo. Jamii 6 zilichunguzwa vivyo hivyo, zikiwamo za India, Okinawa, Ufilipino, Meksiko na Marekani kwenyewe.

Katika miaka ya 1970 Bwana LeVine alirudi na wenzake, wakawalinganisha akina mama wa Kigusii na wale wa Boston. Mama wa Boston alimtazama mtoto mchanga machoni na kuzungumza naye sana. Mama wa Kigusii alisema naye kidogo tu. Maneno ya nini kwa asiyeyafahamu? Mgeni mwenye haraka angaliandika kwamba mama huyu hana mapenzi. Kumbe mtoto wake akilia, alibebwa na kunyonyeshwa upesi. Nao akina mama wa Kigusii walipoonyeshwa picha za video za wenzao wa Marekani, wao ndio waliosikitika: mtoto analia, na mamaye anakawia!

Basi nani ana mapenzi zaidi? Wote wanayo, ila kila mmoja ana hofu yake. Wa Kisii aliogopa kwanza maradhi na kifo cha mtoto. Wa Boston alifikiria kwanza masomo yake.

Wageni hao walitufunza kuuliza sababu kabla ya kuhukumu. Lakini si vema kazi hiyo tuwaachie wao peke yao. Wewe unayejua kusoma na kuandika, keti na bibi yako jioni, umwulize, uandike. Akisha kuondoka, hakuna mtaalamu wa kukujibu.