Kigawo na Kigawe katika Mashindano ya Hisabati

Mwalimu wa Moshi anayewaandaa wanafunzi wa shule ya msingi kwa mashindano ya hisabati hana budi kuwazoeza istilahi mbili zinazotofautiana kwa irabu moja tu: kigawo na kigawe. Tuseme basi la Marangu huondoka kituoni kila baada ya dakika 12, na la Machame kila baada ya dakika 18. Yameondoka pamoja saa 2:00 asubuhi; yataondoka tena pamoja saa ngapi? Hapa hutafutwa kigawe kidogo cha shirika, yaani 36. Jibu ni saa 2:36. Mtoto aliyetafuta kigawo kikubwa cha shirika atapata 6, na hesabu yake haitakuwa na dosari yoyote ila hiyo irabu.

Huenda wengine wakapendekeza istilahi hizi zibadilishwe. Hatuoni sababu. Kiishio -o hapa hutaja kitendacho: kizibo huziba, kifuniko hufunika, kigawo hugawa. Kiishio -e hutaja kitendwacho: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa, kigawe hugawanywa pasipo baki. Kwa hiyo 12 ni kigawo cha 36, na 36 ni kigawe cha 12. Hata mtoto wa Kibosho azungumzaye Kichaga nyumbani amekwisha kusikia kizibo dukani na mtume kanisani. Aanzie hapo, kabla ya kukaririshwa vifupisho KKS na KDS.